Kabla hamjanunua tabo nyingine

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyetaka malori yote ya zamani yapigwe marufuku kuingia katikati ya Jiji la Mwanza kwa sababu ya moshi. Hasira zake nazielewa. Gereji yangu iko Nyakato, kando ya barabara ya Musoma, na siku nzima yanapita hapo yakiwa yameshiba mizigo. Moshi wa dizeli si wa kuchezea. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hapo hatubishani.

Tunatofautiana pale anaposema lori likizeeka lazima lifuke. Si kweli hata kidogo. Zipo injini za Fuso na Scania zenye umri kuwazidi madereva wake, na zikishapata joto huoni kitu kwenye bomba. Lori likifuka kuna kilichoharibika, na mara nyingi hakiko pale wenye magari wanapokimbilia kumwaga pesa, yaani kwenye tabo (turbo), ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini. Siku hizi imekuwa kama dawa ya malaria: moshi ukionekana tu, toa tabo, weka tabo.

Juzi aliingia kijana wa Sengerema na Fuso la mchanga. Likipanda linatoa moshi wa bluu, na kwenye kiti cha utingo kuna kiroba, ndani yake tabo ya mtumba aliyoinunua kwa laki kadhaa.

“Shikamoo mzee. Naomba unifungie hii, ile imekufa.”

“Marahaba. Umejuaje imekufa?”

“Fundi alisema.”

Fundi huyo, ambaye sina haja ya kumtaja, ndiye aliyekuwa ameifunga hiyo inayodaiwa kufa, na haijamaliza hata msimu mmoja wa pamba. Nikamwambia kijana azime, tusubiri ipoe, tufungue hozi ya hewa mbele ya tabo. “Haya ng'wanawane, shika nati ya feni hapo, itikise.” Ikacheza kidogo kushoto na kulia. Akanitazama kama aliyemkamata mwizi.

Kumbe kucheza kidogo hivyo ni kawaida yake. Kwenye tabo nyingi za malori haya shafti haikai kwenye gololi, inaelea kwenye utando mwembamba wa oili, na injini ikizimwa presha ya oili haipo, kwa hiyo lazima ilegee. Unachotafuta ni feni kugusa ukuta wa nyumba yake. Mulika kwa tochi: kama inagusa utaona mikwaruzo ukutani na ncha za feni zimelika. Baada ya hapo isukume ndani na uivute nje. Huko mkono usihisi kitu, au uhisi kidogo mno. Ya kijana haikugusa ukuta, haikucheza mbele wala nyuma, na ukiizungusha kwa kidole ilikwenda yenyewe bila kukwaruza.

Tabo ilikuwa nzima, lakini hozi ya kwenda intakula, kile kipoza hewa kati ya tabo na injini, ilikuwa imelowa oili. Tukashuka chini ya gari, tukafungua bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Bomba hilo watu hulidharau kwa sababu halina presha, oili inashuka kwa uzito wake tu. Kijana akaingiza kidole, akatoa kipande chekundu kinachovutika. Silikoni. Aliyefunga tabo hakuwa na gasketi, akapaka gundi kwa wingi, bolti zilipokazwa ikaminywa kwenda ndani, ikaganda na kuziba zaidi ya nusu ya tundu. Oili ikikosa pa kushukia inajaa ndani ya tabo, inapenya kwenye sili, upande mmoja inaingia kwenye hewa inayokwenda injini na upande mwingine kwenye bomba la moshi. Inaungua, inatoka bluu. Hata ungefunga tabo iliyotoka kiwandani leo, ingefuka vilevile.

Tulisafisha bomba, tukakata gasketi ya karatasi, tukahakikisha bomba linateremka moja kwa moja bila kupinda wala kulala. Intakula tuliishusha tukaimwaga, maana oili iliyotuama humo ikibaki, lori litaendelea kufuka siku mbili tatu na mwenye gari atakusema kijiji kizima. Ile ya mtumba ikarudi kwenye kiroba.

Kama bomba lingekuwa safi ningekwenda kwenye breza, yaani kipumulio cha injini. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili uweke kiganja juu. Mvuke kidogo si neno. Ikikupuliza kwa nguvu, basi ama breza imezibwa na tope na masizi, ama gesi inapita kwenye ringi za pistoni na kujaza sampu presha, na presha hiyo ndiyo inayozuia oili ya tabo isishuke. Breza ni kazi ya brashi na dizeli kidogo. Ringi ni ovaholi, na hapo sitakudanganya kwamba kuna njia ya mkato. Lakini angalau utatoa pesa mahali penyewe.

Kuna moshi wa bluu ambao hauna ugonjwa, au tuseme ugonjwa wake uko kwenye mguu wa dereva. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, malori yalikuwa yanakaa foleni ya kivuko, na baadhi ya madereva waliacha injini inanguruma muda wote kwa kuogopa betri isije ikawaumbua mbele za watu. Sailensa ya muda mrefu inaitesa tabo. Inazunguka polepole, hewa haina presha ya kuzuia oili, oili inapenya pole pole. Lori likishuka upande wa pili na kukanyaga mafuta linatoa wingu, halafu linatulia. Wengi walibadilishiwa tabo kwa sababu ya wingu hilo.

Sasa foleni ya kivuko haipo na kosa limegeuka. Mtu anatoka Geita mbio, anaingia Usagara kula wali samaki, anazima hapo hapo injini ikiwa ya moto mkali. Tabo ikiwa kazini inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ukizima ghafla, pampu ya oili inasimama, oili iliyobaki kwenye shafti inaungua na kuwa mkaa. Dakika mbili tatu za sailensa kabla ya kuzima zinatosha, na asubuhi ukiwasha, usipige resi mpaka oili ifike juu. Hilo halina gharama yoyote.

Moshi mweusi ndio unaomkera zaidi msomaji mwenzangu, na huo hesabu yake ni nyepesi: dizeli nyingi, hewa haba. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Lori lililofunguliwa pampu ya dizeli huko Pwani ili livute zaidi, likifika huku linazimwagia silinda dizeli ambayo hewa yake haipo. Tabo nzima hufidia sehemu ya upungufu huo, haifidii tamaa ya mtu aliyezungusha skrubu ya pampu kwa kukisia. Pampu hupimwa kwenye benchi. Anayeirekebisha kwa kusikiliza mlio tu anakupa nguvu ya mwezi mmoja na masizi ya mwaka.

Lakini hata kabla ya pampu, fuata njia ya hewa kutoka mwanzo. Anza na ea klina, kichujio cha hewa. Vumbi la barabara za vijijini na pumba za mpunga huiziba upesi, na madereva wana tabia ya kuipuliza kwa kompresa mpaka karatasi inatoboka, halafu vumbi linaingia lenyewe kusaga feni ya tabo na ringi. Ukitaka kujua imechoka, ingiza taa ndani yake gizani: mwanga usiopita ni uchafu, mwanga unaochoma kama nukta ni tundu. Vyote viwili maana yake nunua nyingine.

Halafu hozi za intakula. Hizi ndizo zinazowaaibisha mafundi. Ufa unakuwa upande wa chini, chini ya klampu, na gari likiwa limesimama umefungwa kabisa. Likipanda mlima na mzigo, hewa inaupanua, unasikia mluzi, nguvu zinaisha, moshi mweusi unafunika walio nyuma. Ziba mdomo wa tabo kwa kizibo, ingiza hewa ya kompresa isiyozidi baa 1, pakaza maji ya sabuni kwenye kila maungio. Povu litakuonyesha.

Baada ya hozi, tazama manifoldi ya moshi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote. Mswisi Alfred Büchi alipopata hataza ya mtambo huu wa tabo mwaka 1905, wazo lake lilikuwa moshi unaotupwa ufanye kazi ya kusukuma hewa ndani. Basi moshi ukivuja kwenye gasketi ya manifoldi kabla haujafika kwenye tabo, kazi hiyo haifanyiki. Dalili ni michirizi myeusi ya masizi kwenye maungio na mlio wa tiki-tiki injini ikiwa bado baridi. Na kile kilango cha breki ya moshi, kinachoziba bomba la moshi ili lori lipunguze mwendo, ambacho nusu ya madereva wamesahau kama wanacho, kikigandishwa na masizi kikabaki nusu kimefungwa, lori linakosa nguvu, linafuka na kuchemka. Nyundo ndogo na mafuta ya kulainisha kwenye ekseli yake vimeokoa tabo nyingi hapa Nyakato.

Injekta nazo hufukisha mweusi, ila nazitaja mwisho kwa makusudi, kwa sababu kuzipima kunahitaji mashine na yale mengine yanahitaji macho. Moshi mweupe ni habari nyingine. Ukichoma macho na kunuka dizeli, dizeli haiungui. Tazama injekta na taimingi. Ukiwa kama mvuke na rejeta inapungua maji kila siku, achana na tabo, tazama gasketi ya hedi.

Kwa wenye moshi wa bluu wanaoupuuza, kuna hatari moja. Oili ikivuja kwa wingi kwenye upande wa hewa, injini inaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe. Inapanda resi, unageuza ufunguo, haizimi, maana haili tena dizeli. Kama umesimama na uko ndani, weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, uachie klachi ghafla ifie hapo. Kama uko nje, ziba mdomo wa hewa kwa ubao mnene au kitu kigumu. Usizibe kwa mkono, wala kwa fulana, feni itaivuta. Ukishindwa, kimbia mbali, injini hiyo inaweza kupasuka.

Sasa narudi kwa msomaji wetu. Marufuku yake itahamisha moshi kutoka mjini kuupeleka Igoma na Buhongwa, ambako nako kuna watu. Ombi langu kwa wanaokagua magari ni dogo. Mkilisimamisha lori linalofuka, mwambieni dereva akanyage mafuta injini ikiwa imepata joto, na kwenye karatasi mwandike rangi: mweusi, wa bluu, au mweupe, na kama unatoka likipanda mlima au likiwa sailensa. Karatasi ninazoletewa na madereva zimeandikwa “gari bovu” tu. Dereva anaipeleka kwa bosi, bosi anampigia muuza tabo.

Fundi wa injini za dizeli,
Nyakato, Mwanza