Mpwa wangu, mbebeshe Bush makosa yake tu

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu zimefika, na insha yako ya mdahalo nimeisoma mara mbili: ya kwanza kwa haraka kama kila mtu kwenye kundi la ukoo, ya pili na kalamu mkononi. Wewe umeiweka hadharani, basi na majibu nayaweka hadharani. Hao wenzako waliokupigia makofi wasome pia.

Umeandika kwamba George W. Bush, rais wa zamani wa Marekani, ni mhafidhina aliyeiletea Afrika mahubiri badala ya dawa. Umeandika alipigwa picha na bata mzinga wa plastiki akiwahadaa askari wake. Na umeandika alikwepa jeshi "kama nyaraka zilivyothibitisha". Yote matatu umeyachota kwa wachambuzi wa Marekani wasiompenda, ukayamimina kwenye insha bila kuyapepeta.

Kutompenda ni haki yako. Vita vya Iraki alivianzisha yeye Machi 2003 kwa madai ya silaha za maangamizi, na silaha hazikuonekana. Hilo ni lake, liache palepale, na ukitaka kulipanua lipanue. Lakini wewe ni mtoto wa Masasi. Umemwona mnunuzi wa korosho: hahukumu gunia kwa kutazama ganda. Anachota sampuli ya kilo moja, anakata moja moja, anatenga kiini safi, chenye madoa na kilichooza, anapima gramu, ndipo anakuambia gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kiini. Insha yako haijakatwa hata korosho moja.

Tuanze na mahubiri, maana hapo ndipo penye nyama. Tarehe 28 Januari 2003, mbele ya Bunge la Marekani, Bush aliomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano kwa ajili ya Ukimwi. Katika hotuba hiyohiyo alisema Waafrika karibu milioni 30 wana virusi, na wanaopata dawa ni 50,000. Alitaja pia kwamba gharama ya dawa imeshuka kutoka dola 12,000 kwa mwaka hadi chini ya 300, kwa hiyo kisingizio cha bei kimekwisha. Sheria aliisaini tarehe 27 Mei mwaka huohuo. Mpango ndio ule unaoitwa PEPFAR, na Tanzania ilikuwamo kwenye kundi la kwanza la nchi.

Wewe umeandika: "asilimia 33 ya fedha zilikwenda kuhubiri kuacha ngono." Asilimia 33 ya nini, mpwa wangu? Hapo ndipo wachambuzi walipokuacha njiani. Sheria ilipendekeza mgawanyo huu: asilimia 55 kwa matibabu, 20 kwa kinga, 15 kwa huduma ya kupunguza maumivu ya wagonjwa, 10 kwa yatima na watoto walio katika mazingira magumu. Ile theluthi ya kuhimiza vijana kusubiri ndoa ilikuwa theluthi ya hiyo 20 ya kinga, na ikawa ya lazima kuanzia mwaka wa fedha wa 2006. Chukua shilingi 100. Ishirini ni za kinga. Asilimia 33 ya ishirini ni shilingi sita na senti sitini. Ndiyo mahubiri yote hayo: sita na senti sitini, dhidi ya hamsini na tano za kuwatibu watu. Na ndani ya fungu hilohilo la kinga zilinunuliwa mamia ya mamilioni ya kondomu, jambo ambalo mchambuzi wako hakulitaja kwa sababu lingemharibia sentensi.

Nisikufiche, kasoro ilikuwepo, na ungeiandika hiyo ungekuwa na hoja. Aprili 2006 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani yenyewe ilitoa ripoti kwamba sharti lile la theluthi linawabana watendaji walioko kwenye nchi husika. Sababu yake ni ya hesabu tu. Kinga haikuwa kuacha ngono na kondomu peke yake. Humo ndani kulikuwa pia na damu salama na kumkinga mtoto asipate virusi kwa mama. Ukilazimisha theluthi iende sehemu moja, zile nyingine zinagombania kilichobaki, na nchi ambayo tatizo lake kubwa ni mama wajawazito inabanwa kuhamisha senti. Sheria mpya ya Julai 2008, iliyopandisha fedha hadi dola bilioni 48, ikaliondoa sharti hilo likabaki suala la kutoa maelezo. Na aliyeisaini ni Bush huyohuyo.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo, nawe hukuigusa kabisa: mwanzoni mpango ulishikilia dawa za kampuni zenye hataza, yaani haki ya kutengeneza dawa peke yao, ghali, wakati India walikwisha kuunganisha dawa tatu katika kidonge kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni. Tofauti hiyo si ya bei peke yake. Mgonjwa wa kijijini akipewa vichupa vitatu vyenye ratiba tofauti, atakosea dozi, na virusi hujenga usugu mahali dozi inaporukwa. Mei 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ikafungua mlango wa kukagua kwa haraka dawa hizo za bei nafuu ili zinunuliwe kwa fedha za mpango. Walichelewa mwaka mzima. Hiyo ni lawama halali, ina tarehe na ina sababu.

Kwetu dawa za kufubaza zilianza kutolewa bure na serikali Oktoba 2004. Fedha zilitoka mifuko kadhaa, wa Bush ukiwa mmoja wa mikubwa zaidi. Kadi ya CTC, ile ya kliniki ya dawa za Ukimwi, unayoiona kwenye mikoba ya watu stendi haikuletwa na mahubiri.

Halafu kuna malaria, na hili kwa mtu wa kusini nashangaa umelirukaje. Tarehe 30 Juni 2005 Bush alitangaza dola bilioni 1.2 kwa miaka mitano kupambana na malaria Afrika. Nchi tatu za kwanza zilikuwa Tanzania, Uganda na Angola. Hati punguzo ya chandarua cha mtoto mchanga, ile iliyokatwa kliniki na kupelekwa dukani, ililipiwa na mpango huo. Mwaka 2013, ilipoonekana kwamba vyandarua vya kampeni kubwa vinachakaa kabla ya kampeni nyingine kufika, mpango wa kugawa kupitia shuleni ulianzia mikoa mitatu: Lindi, Mtwara na Ruvuma. Hesabu yake ni nyepesi: chandarua hudumu miaka michache, kampeni huja kwa kishindo na kuondoka, lakini darasa la kwanza linaingia kila Januari. Mtoto anarudi nacho nyumbani, na nyumba inapata kipya bila kusubiri lori. Madarakani alikuwa Obama wakati huo, sawa, na sifa ya kuendeleza mpe. Mpango wenyewe ulianza 2005.

Na barabara. Tarehe 17 Februari 2008 Bush na Rais Kikwete walisaini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698 kupitia MCC, chombo cha misaada kilichoundwa Marekani mwaka 2004 katika utawala wake. Basi likikutoa hapa Masasi kupitia Tunduru, kipande cha lami cha Namtumbo hadi Songea ni cha fedha hizo, na ukiendelea, kile cha Peramiho hadi Mbinga pia. Wiki hiyohiyo mwanamuziki Bob Geldof, ambaye si mtu wa mrengo wa Bush hata kidogo, alifuatana naye Afrika na kuwakemea waandishi wa Marekani kwa kutoiandika habari hii.

Bata mzinga nampitia kwa haraka. Ilikuwa sikukuu ya Shukrani, Novemba 2003, Baghdad. Yule bata alikuwa wa kweli, ameokwa na kupambwa ili akae mezani apendeze. Askari walipakuliwa chakula kutoka kwenye masinia ya jikoni, kama kwenye sherehe yoyote yenye watu mamia. The New York Times, gazeti ambalo halikuwahi kumuunga mkono, lilichapisha masahihisho Julai 2004: bata alikuwa halisi. Masahihisho huwa mistari miwili mitatu kwenye kona, na mwandishi mzembe hafiki huko. Unasomea uandishi wa habari, kona hiyo ndiyo uanzie.

Sasa nyaraka. Hapa soma taratibu.

Tarehe 8 Septemba 2004, uchaguzi ukiwa umebakiza chini ya miezi miwili, kituo cha CBS kilionyesha karatasi zilizodaiwa kuandikwa mwaka 1972 na 1973 na Luteni Kanali Jerry Killian, mkuu wa Bush katika kikosi cha anga cha walinzi wa taifa huko Texas. Killian alikwishafariki, hakuna wa kumuuliza. Karatasi zilisema Bush alipendelewa na kwamba alipuuza amri ya kupimwa afya.

Muulize mpiga chapa yeyote mkongwe, wale waliokaa nje ya mahakama na taipureta zao. Kwenye mashine ya kawaida kila herufi inapewa nafasi sawa: "i" na "m" wanapangishwa chumba cha upana uleule, ndiyo maana maandishi yake yanaonekana kama meno yaliyoachana. Karatasi za CBS zilikuwa na "i" nyembamba na "m" pana, zimebanana vizuri. Kisha kwenye "111th", namba ya kikosi, zile herufi mbili za mwisho zilikuwa ndogo, zimepanda begani kwa tarakimu, jambo ambalo Microsoft Word hulifanya lenyewe bila kuombwa. Watu wakazichapa upya kwa Word bila kugusa mpangilio wowote, wakaweka moja juu ya nyingine, mistari ikalaliana. Mashine za bei mbaya zenye kubana herufi zilikuwepo miaka ile, hilo si uongo, lakini ilibidi mtu aonyeshe mashine gani ilitoa karatasi hizi, na hakuonyesha.

Kibaya zaidi, hazikuwa karatasi halisi, zilikuwa nakala. Nakala huwezi kuipima wino wala umri wa karatasi. Baadhi ya wataalamu wa maandishi walioombwa na CBS wenyewe walikwishaonyesha wasiwasi kabla ya kipindi kurushwa. Aliyezileta alikuja kukiri kwamba alidanganya kuhusu alikozipata. Tarehe 20 Septemba Dan Rather, mtangazaji wa CBS, akaomba radhi hewani. Januari 2005 ripoti ya jopo huru ikatoka. Mtayarishaji wa kipindi akafukuzwa, wengine watatu wakatakiwa kujiuzulu.

Angalia kilichotokea baada ya hapo. Mahudhurio ya Bush ya mwaka 1972 na 1973 yalikuwa na mapengo hata kwenye kumbukumbu rasmi. Lilikuwa swali halali. Karani wa zamani wa Killian alisema karatasi zile hakuzichapa yeye, ila yaliyoandikwa yanafanana na mawazo ya bosi wake. Nani alimsikiliza? Taifa zima lilikuwa linajadili herufi mbili zilizopanda juu. Novemba Bush akashinda. Waliotaka kumwangusha walimkatia bima. Ndiyo maana naona tuhuma ya kubuni humkinga mtuhumiwa kuliko wakili wake, na wewe na insha yako mnamfanyia Bush kazi bila malipo.

Najua utanirudi: mbona ni wahafidhina haohao waliokata misaada mwaka 2025? Ni kweli, tarehe 20 Januari Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ikawa imefungwa. Lakini siku moja kabla ya kufungwa, Bush alizungumza na wafanyakazi wa shirika hilo kwa video, akataja watu milioni 25 walionusurika kufa, na kuuliza kama hilo si kwa faida ya Marekani. Ni chama kimoja, watu wawili wasiofanana. Ukiwaita wote "wahafidhina" ukafunga mjadala, msikilizaji makini atakukamata hapohapo.

Basi rekebisha hivi. Aya ya pili, "asilimia 33 ya fedha" iwe "theluthi ya fedha za kinga, sawa na asilimia 6.6 ya mgawanyo wote", na uongeze ile ripoti ya 2006 na suala la dawa zenye hataza, utakuwa na silaha mbili za kweli badala ya moja ya bandia. Aya ya tatu, bata mzinga mfute, hata usimbadilishe. Aya ya nne, "nyaraka zilivyothibitisha" ondoa; andika "nyaraka ambazo hazikuthibitishwa", kisha uje na mapengo ya mahudhurio. Iraki ihamishe juu kabisa, ndiyo hoja yako nzito na umeizika mwishoni.

Nitumie rasimu mpya kabla ya Alhamisi jioni, na safari hii nitumie peke yangu kwanza. Mama yako mwambie ufuta tumeshapeleka ghalani, tunasubiri mnada.

Mjomba wako,
Masasi