Faini za barabarani zitusaidie kutafuta tiba ya uti wa mgongo

Mhariri,

Jumamosi iliyopita tulikutana katika ukumbi wa kanisa mtaani Umoja, watu kumi na mmoja wa viti vya magurudumu pamoja na wake, mama na ndugu waliotusukuma, kutia sahihi ombi letu kwa Bunge. Kijana mmoja aliyekuwa akiendesha bodaboda alivunjika shingo na tangu hapo vidole vyake havikunji. Alifungiwa kalamu kiganjani kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akawa anaisukuma kwa nguvu za bega. Jina lake lilimchukua karibu dakika nne. Mtu alipomletea wino aweke kidole gumba tu, alikataa. "Nataka wajue nimeandika mimi mwenyewe."

Tunachoomba ni hiki: sehemu ya faini za makosa ya barabarani itengwe kisheria, kila mwaka, kwa utafiti wa tiba ya majeraha ya uti wa mgongo.

Hili limewahi kufanyika kwingine. Mwaka 1998 jimbo la New York, Marekani, lilipitisha sheria ya kuchukua hadi dola milioni 8.5 kwa mwaka kutokana na ada wanazotozwa madereva wenye makosa, na kuzipeleka kwa watafiti wa uti wa mgongo. Mmoja wa waliohangaika mpaka sheria hiyo ikapita ni Paul Richter, askari aliyepigwa risasi akiwa kazini mwaka 1973. Kilichomsukuma ni mwili wake mwenyewe, kama sisi.

Mimi nilikuwa fundi wa mjengo. Nilianguka kutoka ghorofa ya tatu nikipiga plasta, wenzangu wakanishika mikono na miguu, wakanitia nyuma ya pikapu iliyokuwa imeleta mchanga. Walitaka kuniokoa, hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mgongo uliovunjika haukunjwi. Daktari aliniambia uzi wa neva unaopita ndani ya uti ukishaharibika hauponi, niende nyumbani nikajifunze kuishi. Nimejifunza. Nimejua kubadilisha mpira wa mkojo, na nimeuguza kidonda cha makalio kwa miezi saba. Mke wangu hutega simu ilie saa sita, saa nane na saa kumi usiku ili anigeuze. Anaamka, ananigeuza, anarudi kulala, na saa kumi na moja na nusu yuko stejini kusubiri matatu ya kwenda kazini.

Lakini lile neno "hauponi" nimeanza kulikataa. Mwaka 2023 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walieleza jinsi Gert-Jan Oskam, Mholanzi aliyepooza kwa ajali ya baiskeli, alivyoweza kusimama na kutembea kwa magongo baada ya ubongo wake kuunganishwa na uti wa mgongo kwa vifaa vya umeme. Mwezi Desemba 2024, Marekani iliidhinisha kifaa kinachobandikwa shingoni bila upasuaji, kinachopitisha umeme huku mgonjwa akifanya mazoezi ya mikono. Katika jaribio lake la watu 60, zaidi ya 7 katika kila 10 waliongeza nguvu na uwezo wa kutumia mikono yao. Hiyo bado si tiba kamili, na hakifai kila jeraha. Ila mtu anayefungiwa kalamu kwa tyubu anajua thamani ya kidole kimoja kinachokunja.

Watu hudhani sote tunalilia kutembea. Mwaka 2004 mtafiti mmoja wa Marekani aliwauliza watu 681 wenye majeraha haya wangependa kurudishiwa nini kwanza. Karibu nusu ya waliopooza mikono na miguu walitaja mikono. Katika ukumbi wetu wengi walitaja kibofu. Aibu ya kulowa ndani ya matatu imewafungia watu nyumbani kuliko ngazi za ghorofa.

Jaribio la kifaa hicho cha shingoni lilifanyika Marekani, Ulaya na Kanada. Afrika haikuwemo, na haitakuwemo tusipojiandaa. Hata kuhesabiwa hatujahesabiwa: sensa ya 2019 iliuliza nani ana shida ya kutembea, haikuuliza ni uti wa mgongo au ni nini. Pesa za kwanza za faini ziende kwenye daftari la kitaifa la majeruhi, ili mtafiti akitafuta wagonjwa wa Nairobi ajue walipo.

Wapo watakaosema vitanda na mipira ya mkojo vije kwanza. Navihitaji, tena leo. Lakini sheria yetu ya sayansi ya mwaka 2013 inasema Hazina ya Taifa ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa, na kiwango hicho hatujakifikia. Kwa nini kila mara sisi ndio tuchague kati ya kusitiriwa na kupona? Mwaka 2012 Zack Kimotho alianza safari kwa kiti cha magurudumu kutoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini, akitafuta shilingi milioni 250 za kujenga hospitali ya waliovunjika mgongo. Wakenya walichanga, na namheshimu sana. Ila mchango hutolewa siku moja watu wakasahau, na madereva wetu hukamatwa kila siku.

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Karatasi zetu tutazipeleka wenyewe mwezi ujao, na yule kijana wa bodaboda ameomba bahasha aipakate yeye. Tunatafuta matatu mbili zitakazokubali kutubeba na viti vyetu bila kututoza nauli mara mbili.

Fundi wa zamani wa mjengo,
Kayole, Nairobi