Kamba ya tanga dogo

Kirumba, Mwanza
Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko Dar? Sisi hatujambo, ila umeme umekatika tangu magharibi na naandika kwa taa ya simu, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usishangae.

Ujumbe wako tumeusoma mara mbili, mimi na mama yako. Wiki nzima ya mbio za vyombo vya matanga, na wewe ndiye wa kuning'inia nje ya chombo kwenye waya! Mama yako ameuliza huo waya una unene gani. Nimemwambia unatosha. Sikumwambia kwamba ni mwembamba kuliko penseli. Halafu tukafika pale mwisho ulipoandika: "Namwomba Mungu nahodha wangu asije akawa kama mjomba." Mama yako alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Hadithi hiyo umeisikia kwangu. Nimeisimulia harusini, Krismasi, na hata msibani mara moja, kwamba mwaka 1998 tulipinduka kwa sababu mjomba wako alishika usukani kama mtu aliyeshika mwiko wa ugali. Kupinduka ni kweli. Hilo la mwiko si kweli.

Mwaka ule ulikuwa wa pili tu tangu MV Bukoba izame, tarehe 21 Mei 1996, na bibi yako hakutaka hata kusikia neno chombo likitajwa mezani. Mimi nilikuwa fundi wa mitumbwi, nikiziba nyufa za watu wa dagaa pale Mwaloni. Siku moja akaja mwenye duka mmoja na lori, na juu ya lori kitu nisichowahi kukiona: bodi mbili nyembamba zilizopinda kama ndizi, hazina mkuku, na katikati turubai limekazwa kama kitanda cha kamba. Nikamuuliza tumbo liko wapi. Ilikuwa Hobie 16, kama hiyo yenu, mita 5 na kidogo, kilo 145. Bodi moja ilikuwa na ufa. Niliiziba, na malipo yangu yakawa kuruhusiwa kupanda. Nahodha alikuwa mjomba wako, ambaye wakati ule hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa rafiki yangu tu, na dada yake nilikuwa sijamwona.

Wiki ya mashindano ilipofika tulikuwa vyombo tisa. Asubuhi ziwa hulala kama uji uliopoa, mnalijua. Upepo wa ziwani huingia mchana, kwa hiyo tulikuwa tunakaa kivulini pale Capri Point mpaka saa saba, ndipo tunasukuma chombo majini. Siku moja haukuja kabisa, mbio zikafutwa, zikabaki tano. Na mwaka ule magugu maji yalikuwa yamejaa kila hori. Unapiga bisho vizuri, yaani unakwenda kwa kukata kushoto na kulia dhidi ya upepo, unasikia chombo kinakuwa kizito kama kinavuta nyavu, unageuka nyuma unaona usukani umevaa bustani. Inabidi uuinue, utikise, uushushe, na wenzako wanazidi kukuacha.

Pointi mnazijua: wa kwanza 1, wa pili 2, mwenye chache ndiye mshindi. Siku ya kwanza tulipata 2, ya pili 3.

Siku ya tatu tulikuwa wa pili, tunaelekea boya la mwisho, upepo ukitupiga ubavuni. Mimi nimesimama ukingoni mwa bodi, mgongo juu ya maji, waya umenishika kiunoni, na mkononi kamba ya tanga dogo, nyekundu, imelowa. Mjomba wako alikuwa amenionya tangu Jumatatu: hiyo kamba usiibane, ikae mkononi muda wote, upepo ukija kwa ghafla mimi nalegeza la kwangu na wewe unalegeza la kwako. Sasa pembeni ukapita mtumbwi wa watu wa kwetu Ukerewe. Hao ndio walionicheka wiki nzima Mwaloni, eti fundi mzima anashindana na upepo na jioni harudi hata na furu mmoja. Walinitambua, wakaanza kupiga kelele. Nami nikaibana kamba kwenye kibanio, nikaiachia, nikawapungia mkono. Mikono yote miwili, mwanangu.

Upepo ukaja. Nilimsikia mjomba wako akilegeza tanga kubwa, kamba ikilia kwenye roda zake, kwa wakati kabisa. Akapiga kelele, "Legeza!" Kamba yangu ilikuwa imeshateleza juu ya turubai, nje ya mkono wangu. Tanga dogo likaendelea kuvuta, pua ya bodi ya chini ikazama hadi kwenye nguzo ya turubai, na chombo kikasimama wima juu ya pua yake. Mimi nilirushwa mbele nikazunguka mlingoti kama jiwe kwenye kombeo. Watu wa Ukerewe waliona yote.

Tuliielekeza pua kwenye upepo, tukatupa kamba juu ya bodi ya juu, tukapanda bodi ya chini tukajiegemeza nyuma kama wavuta kokoro. Mimi wakati ule nilikuwa na kilo 58. Peke yangu nisingeiinua hata robo, wala yeye peke yake asingeweza. Ilinyanyuka ikimwaga maji, tukamaliza wa tisa.

Ufukweni watu walituzunguka kuuliza kulikoni. Nikawahi mimi. Nikasema, "Nahodha kachelewa kulegeza." Mjomba wako alikuwa anakamua shati lake. Akanitazama, akaendelea kukamua, akasema, "Labda." Basi.

Siku ya nne tulikuwa wa kwanza, ya mwisho wa tatu. Jumla 18, nafasi ya nne. Mshindi alikuwa na 13. Tungebaki wa pili siku ile tungekuwa na 11, hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kuliko unavyodhani. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kwamba kuanzia siku ya nne, kila bendera ya maandalizi ilipopanda kabla ya mbio kuanza, aliniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Kamba iko mkononi?" Na mimi nikajibu iko. Miaka yote hii nimejifanya sikuelewa kwa nini aliuliza.

Kwa hiyo acha kumcheka. Nahodha wako mpya mimi simjui, umesema tu ni kijana mtulivu na huchelewa mazoezini. Hilo la kuchelewa mwambie yeye, usiniambie mimi. Wale Waitaliano, Ruggero Tita na Caterina Banti, mwanamume na mwanamke kama nyie, walichukua dhahabu ya Olimpiki ya Nacra 17, chombo cha bodi mbili pia, Tokyo na tena Paris. Natamani ningesikia walichokuwa wanaambiana siku walizoharibu.

Huko kwenu kuna kusi na maji kupwa na kujaa, mambo ambayo ziwa halinayo, waulize wenyeji. Mkienda na upepo mkali nyuma yenu, wote wawili rudini nyuma kabisa ya turubai. Kagua vizibo vya bodi mwenyewe kabla hamjashuka majini, hata kama umeambiwa vimekaguliwa.

Mjomba wako anakuja Jumatano kuchukua mtumbwi niliomtengenezea. Nimepanga kumwambia kabla hatujanawa mikono. Ukimpigia simu kabla ya hapo, ongea naye mambo ya chuo tu.

Baba yako