Wawekezaji wanataka mfanyakazi wangu ndo awe mkurugenzi, naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa, mi ni mama wa watoto wawili niko Mbagala hapa Dar, nina kampuni ndogo ya teknolojia na Ijumaa natakiwa nitoe jibu kwa watu fulani, kichwa kimejaa kwa kweli naombeni mnisaidie mawazo hasa nyie mliowahi kuchukua hela ya mwekezaji.

Kampuni yangu inashughulika na vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mlioko humo mnajua, kuna lile sanduku la kufuli tatu na funguo wameshika watu watatu, kuna hisa, mfuko wa jamii, faini za kuchelewa, mikopo, yote hayo yanaandikwa kwa peni kwenye daftari la katibu alafu siku ya kuvunja kikoba mgawane hela ndo ugomvi unapoanza, mmoja anasema rejesho la mwezi wa saba nililipa mbona silioni, katibu anapekua, ukurasa umemwagikiwa mafuta haisomeki. Nimekulia humo, mama yangu alikuwa mweka hazina. Nikatengeneza mfumo, katibu anaingiza kila kitu kwa simu na kikao kikiisha kila mwanachama anapata meseji yake, hisa zako kadhaa, deni lako limebaki kadhaa. Na unafanya kazi hata kwenye kitochi, unabonyeza nyota na namba unamalizia na reli, maana kina mama wengi simu janja hawana na wenye nazo bando siyo la kila siku. Vikundi vinalipa ada kidogo kila mwezi na wanalipa kweli, wala hatuwabembelezi.

Sasa ndo wakati wa kupanua, kwa sababu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne na vinatakiwa visajiliwe, kwa hiyo wengi wanatafuta namna ya kuweka kumbukumbu zao sawa. Ila hela sina. Gharama za meseji zenyewe zinatumaliza, bado watu wa kwenda kufundisha vikundi mikoani, bado mambo ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa sababu tunatunza taarifa za watu na sheria yake inafanya kazi tangu Mei 2023. Benki nimeenda wanataka hati, na kiwanja tulichonacho kina jina la mume wangu na ndugu zake. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 wenye ulemavu, hauna riba na umewasaidia wengi sana, lakini wanapewa vikundi na mi nina kampuni.

Basi nikapata nafasi ya kuonana na wawekezaji. Nikaenda na kaka mmoja developa, mtengenezaji wa programu, ambaye nimemwajiri, ni mtu mzuri na kazi anaijua. Mfumo wakaupenda, mapato wakayaona. Yalipofika maswali, yeye anaulizwa mnafikiria kuingia Kenya lini, mnaweza kufikia vikundi vingapi, mi naulizwa mumeo anasemaje, ukipata mtoto mwingine nani ataendesha, wateja wakikimbia utafanyaje. Na mwenye kampuni ni mimi! Baadae nikaja kusoma kwamba kuna watafiti walichambua maswali ya wawekezaji kwenye mashindano ya kampuni changa ya TechCrunch Disrupt kule New York wakakuta hivyo hivyo, wanaume wanaulizwa watakuzaje biashara, wanawake wanaulizwa watazuiaje hasara, na mwenye kuulizwa ya kukua ndo anaondoka na hela nyingi. Iliniuma sana.

Ofa yao ni milioni 80 kwa asilimia 35 ya hisa, na sharti ni kwamba yule kaka awe mkurugenzi mtendaji na nimpe asilimia 20 kutoka kwangu, mi nibaki "mwanzilishi" nisimamie mambo ya kina mama. Pigeni hesabu wenyewe, nabaki na 45, wao na yeye wakiungana wana 55. Rafiki yangu mwanasheria anasema yale maamuzi makubwa yanayohitaji robo tatu ya kura nitaweza kuyazuia, lakini mengine yote ya kawaida watanipita.

Mume wangu anasema cheo hakiliwi, chukua hela. Mama anasema huwezi kuzaa alafu ukamwandikisha jirani kuwa ndo mzazi. Yule kaka mwenyewe anasema dada utakavyoamua mi niko na wewe, ila naona ameanza kuwaza.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mafunzo ya teknolojia kwa wanawake yapo, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls hapahapa Dar 2013 na Nairobi AkiraChix ipo tangu 2010, mabinti wanafundishwa na wanaiva kabisa. Wakishaiva hela ya kukuza kazi waipate wapi? Mwaka 2024 startapu (kampuni changa) za Afrika zinazoongozwa na wanawake zilipata kama asilimia 2 tu ya mtaji wote ulioingia. Vyeti na picha za pamoja ninazo za kutosha jamani, ninachotaka ni mtaji.

Nimefikiria kuwarudishia ofa yangu, wachukue 25, yule kaka nimpe 10 lakini azipate kidogo kidogo ndani ya miaka minne akiondoka katikati zilizobaki zinarudi, na mkurugenzi nabaki mimi. Waliopitia, mtu akirudisha ofa hivi huwa wanakimbia au wanakaa mezani? Na kuna hili lingine, viongozi wa vikundi wakubwa wamesikia wakaniambia mama subiri kwanza, sisi tutachanga tununue hisa wenyewe. Nilifurahi mno, ila kampuni binafsi kisheria wanahisa mwisho 50 na hao kina mama ni wengi. Kuna mtu anajua namna halali ya kuwaingiza kupitia vikundi vyao, na inachukua muda gani? Kama inawezekana nijue kabla ya Ijumaa tafadhali.

Mama wa wawili, Mbagala