Mzee wa gatini Msasani, asante sana

Jamani kuna mzee namtafuta nimshukuru, ile Mei 2024 Kimbunga Hidaya kinakuja TMA, wale wa hali ya hewa, washatangaza, mi nipo Morogoro msibani na mashua yangu iko gatini imefungwa kamba moja tu. Kumbe huyo mzee, hata hanijui, alipanda akashusha tanga na foromali, ule mti unaobeba tanga, akavilaza chini akavifunga, akaongeza kamba nne za kupishana akaziachia nafasi kidogo ili maji yakijaa zisikatike, ubavuni akaning'iniza matairi, na pale kamba inaposugua ukingo akazungushia gunia. Hilo gunia nimelikuta limelika hadi nyuzi, kamba yenyewe nzima! Vijana wa pale ndo wamenisimulia. Shikamoo mzee wangu, Mungu akuzidishie. Na nyie wenzangu mkiona chombo cha mtu kimelegea msipite tu, kifungeni. Anayemjua aniambie, nataka nimpe mkono.