Tai niliyolazimishwa sekondari leo naambiwa ni ya wanaume

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa rohoni wiki mbili sasa na nikinyamaza itakuwa ni kama nimekubali. Mimi ni mkaguzi wa magari kwa kampuni moja ya bima hapa Nairobi. Gari likigongwa, kabla mwenyewe alipwe, ni mimi natumwa garaji niangalie limeumia wapi, kama litatengenezeka ama limeisha kabisa, na kama ile hadithi ameandika kwa fomu inalingana na vile mabati yamekunjika. Kwa hivyo asubuhi niko ofisini na wateja, saa nne niko kwa garaji za Grogan ama Industrial Area nimelala kwa katoni chini ya lori namulika chesisi, ile fremu ya chini ya gari, na tochi nione kama imepinda, saa nane nimerudi kwa mkutano. Na nguo ni hiyo hiyo moja.

Hiyo nguo ni suti. Suti ya kiume, sitaficha, koti na suruali, shati la kola ngumu na tai.

Nilianza na suti za kike kama wenzangu. Kitambaa chepesi, ukiinama mara mbili mshono wa mgongo unaachilia, halafu mifuko ni ya uongo, unaona kifuniko cha mfuko lakini ukikiinua hakuna kitu, ni kitambaa kimeshonwa tu. Sasa simu, tepu ya kupimia, tochi na kitabu cha kuandikia unaweka wapi? Kwa mkoba. Na mkoba uuweke wapi ukiwa chini ya gari, na jioni ukipita nao barabara ya Tom Mboya watu wakisukumana hivyo si unajua kinachofuata, mimi nimeshanyang'anywa mara mbili. Kuna siku nikaenda soko la Gikomba alfajiri wakati wanafungua beli za mtumba, nikapata koti la kiume la sufu nzito na suruali yake kwa shilingi 800, nikapeleka kwa fundi Uhuru Market. Huyo mzee alinifunza kitu. Aliniambia koti la mtumba usiangalie kiuno, angalia mabega, manake kiuno atakipunguza dakika chache lakini mabega ukishayagusa umeharibu koti lote. Akanisimamisha, akapitisha vidole kwa mshono wa bega pande zote mbili, akasema hili limekukubali. Akapunguza ubavuni, akapandisha mikono, suruali akaikata na kuacha pindo la kutosha ikihitajika kushushwa. Shilingi 600. Mifuko minne ya ukweli, mmoja wa ndani kifuani, na hapo ndo simu yangu hukaa mpaka leo.

Na boda pia. Watu wanaongea juu ya heshima lakini hawaongei juu ya mwanamke amekaa upande upande kwa boda sababu ya sketi, miguu yote upande mmoja, ameshikilia kiti na mkono mmoja, na matatu inapita karibu hadi inamgusa magoti. Nimekagua hizo ajali. Nikiwa na suruali nakaa sawa kama abiria mwingine yeyote.

Nitasema na lingine ingawa linaniuma kidogo. Zamani nikiingia garaji mekanika alikuwa anaongea na dereva wangu, mimi ananipita kama sipo, anamwelezea dereva vile injini imevunjika na mimi ndo naandika ripoti! Tangu nianze kuvaa suti na tai wanauliza mkaguzi amefika, wananipea stuli, wananionyesha spea zilizotolewa bila kunizungusha. Ningependa waniheshimu hata nikiwa na rinda, na haki ni hiyo, lakini kazi ni ya leo na siwezi kungoja watu wabadilike ndo nikague gari.

Sasa tumeletewa meneja mpya. Wiki ya kwanza akaniita, na si kwa ofisi yake, alisimama tu hapo katikati wenzangu wakisikia, akaniambia tai ni ya wanaume, wateja watashindwa kujua mimi ni nani, niende nyumbani nibadilishe. Nikarudi nyumbani mtaa wa Umoja na matatu saa tatu asubuhi. Ile siku ikakatwa kwa likizo yangu. Ijumaa ikatoka memo kwamba wanawake wavae sketi ama rinda, na tai hapana.

Mhariri, mimi nilisoma sekondari miaka minne hapa hapa Kenya na kila asubuhi nilivaa tai. Haikuwa mapenzi yangu, ilikuwa sheria ya shule, ukipatikana bila tai paredi ulikuwa unatolewa mbele na kuadhibiwa, na hakuna mzazi hata mmoja aliwahi kuja kuuliza mbona wasichana wetu wanavalishwa kiume. Wasichana maelfu na maelfu wako na tai saa hii ninapoandika. Tena hapo kwa geti la jengo letu kuna dada soja, kampuni yake imempa suruali, shati, tai na kofia, huyo meneja anampita kila siku na kumsalimia vizuri. Kwa hivyo shida si tai na si suruali. Mwanamke akivalishwa tai na mwingine hakuna neno, lakini akiichagua mwenyewe, tena kwa kazi ya kukaa mezani na kuamua nani alipwe na nani asilipwe, hapo ndo inakuwa ukosefu wa adabu. Hilo ndilo limenifanya niandike.

Kuna mama mmoja ofisini, namheshimu sana na najua aliniita kando kwa upendo, akanifungulia Kumbukumbu la Torati 22 mstari wa 5, mwanamke asivae mavazi ya mwanamume. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Jioni nikaisoma sura yote, na mstari wa 11 unakataza nguo ya sufu na kitani pamoja, na wa 8 unataka dari la nyumba lizungushiwe ukuta mtu asianguke. Hatukaguani lebo za makoti mlangoni kanisani, na sioni kwa nini huo mmoja ndo tuushike na kuuwekea memo. Tena suruali yangu ilishakatwa na kushonwa kwa mwili wangu, hakuna mwanamume anaweza kuivaa ikamtosha. Ni nguo ya mwanamke tayari.

Wale wa utamaduni nao siwaelewi. Koti na tai zilikuja na Waingereza, mababu zetu wa kale hawakuzijua. Hata hao wanaume wenyewe wanavalishwa kwa amri, mnakumbuka Novemba 2023 Spika Wetang'ula alivyopiga marufuku suti za Kaunda bungeni, na hiyo ni nguo iliyopewa jina la rais Mwafrika, Kenneth Kaunda wa Zambia.

Nilikuwa mwanafunzi wa koleji tarehe 17 Novemba 2014 tulipoandamana hapa mjini baada ya dada yetu kuvuliwa nguo na wanaume steji ya matatu ati sketi yake ni fupi. Tulitoka Uhuru Park tukilia na tukiimba. Sheria ikabadilishwa mwaka huo huo, ukimvua mtu nguo kwa nguvu ni jela isiyopungua miaka kumi. Sasa fikiria, sketi ikiwa fupi unavuliwa barabarani, ukivaa suruali na koti ukajifunika kutoka shingo hadi viatu unarudishwa nyumbani. Malawi wakati wa Kamuzu Banda walitunga sheria 1973 wanawake wasivae suruali wala sketi fupi, na ilikaa miaka ishirini hivi kabla ifutwe. Hapa kwetu Katiba ya 2010 kifungu cha 27, pale wanataja mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, jinsia imo, dini imo, na mavazi yametajwa kwa jina lake. Serikali imekatazwa na mtu binafsi pia amekatazwa. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya jinsia, sasa kama nguo hiyo hiyo mwenzangu wa kiume wa dawati la pili anaivaa anasifiwa na mimi nakatwa siku, hiyo ni nini kama si ubaguzi?

Sikatai ofisi kuwa na kanuni. Iseme nguo iwe safi, ipigwe pasi, viatu viwe vya kufunika mguu, mtu asije na jezi ya mpira, hayo yote nayakubali na nayafuata. Wako pia wenzangu wanaopenda rinda na wanapendeza nalo na wanafanya kazi nzuri kabisa, sitaki yeyote alazimishwe suti kwa ajili yangu. Nataka hiyo memo iondolewe kwa ubao, na ile siku yangu ya likizo irudishwe, nimeandika barua ya kuiomba na nimeweka nakala.

Jumatatu nina lori la saruji lililopinduka huko Mlolongo, mwenye lori anasema breki zilikatika na lazima mtu aingie chini aangalie paipu zenyewe. Suti yangu nimeshaipiga pasi.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi