Somo, sikukuombea

Somo yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku Songea hatujambo, mahindi tumeshapukuchua, bei ndiyo hiyo unayoisikia. Mama Koku anakusalimu na sufuria yangu bado hajairudisha. Salamu ziishie hapo, maana nikizirefusha nitapata pa kujificha.

Unakumbuka uliponipigia mwezi wa sita, usiku, unalia? Ukaniambia kijana wako kachukua hela ya ada, kapanda lori la Tunduma, kule mpakani, simu hapokei. Nami nikakujibu, "Usijali somo, nitakuombea, tuko pamoja katika sala." Nikakata simu, nikakuta wali unaungua. Nikahangaika na sufuria, nikafunga milango, nikalala. Sikukuombea. Na si usiku ule tu, Julai nzima ilipita hivyo hivyo. Siku hizi "nitakuombea" tunaisema kama "haya, kwaheri". Ni neno la kukatia simu.

Limekuja kunikamata tarehe 27 Agosti, siku ya jina letu, Mtakatifu Monika. Jumuiya ilisali kwangu, saa kumi na mbili asubuhi, watu kumi na mmoja kwenye mkeka na mabenchi ya kuazima. Tulipofika kwenye maombi akaanza yule mzee wetu, unamjua, anamweleza Mungu mpaka bei ya mbolea kana kwamba mbinguni hakuna redio. Alipomaliza mwenyekiti akanigeukia: "Mama, leo ni msimamizi wako. Tuombee wazazi ambao watoto wao wamepotea."

Nikafumbua mdomo. Somo, ikanijia sauti yako ya usiku ule pamoja na harufu ya wali ulioungua, na neno halikutoka. Mimi, niliyefundisha watoto wa komunyo ya kwanza miaka yote ile! Kuku alikuwa anaparura mlangoni, ndiye peke yake aliyekuwa na la kusema. Mwisho nikashika nilichokuwa nacho, "Baba yetu uliye mbinguni", na wenzangu wakaipokea, wakanibeba.

Walokole walitucheka sana pale shuleni, kwamba sisi hatuombi, tunakariri. Haya. Lakini siku ile bila ya kukariri ningebaki bubu. Na kuna neno nimelitamka tangu utotoni bila kulisikia, lile la mwisho wa Baba Yetu, "utuopoe maovuni". Wenzetu wanasema "utuokoe". Sisi tunasema utuopoe. Sasa kinachoopolewa ni nini, kama si kitu kilichozama? Nikaiona ile ndoo ya bweni.

Usijifanye umesahau, fundo ulifunga wewe. Ndoo ikafunguka, ikazama, na sista akasema hakuna kula mpaka itoke. Tukalala kifudifudi ukingoni mwa kisima na kamba na ile kulabu ya chuma, tunatupa, tunavuta, inakuja tupu. Maji meusi, huoni hata kivuli chako. Mara kulabu inagonga bati, tunapiga kelele, inateleza. Tuliendelea hivyo toka mchana mpaka kengele ya Malaika wa Bwana jioni. Wala sikumbuki nani aliyeinasa. Nakumbuka viganja vilivyochubuka, na kwamba macho hayakutusaidia kitu, tulikuwa tunasikiliza kwa mikono.

Kuhusu huyu Monika wetu, nilimjua juu juu tu: kalia, kasali, mtoto kaongoka. Ukiisikia hivyo inaudhi, kama tangazo la dawa. Jumapili iliyofuata padre akaisimulia yote. Mtoto wake, Augustino, alijiunga na Wamanikeo, watu wa dini nyingine, akiwa na miaka kama 19. Mama akamng'ang'ania askofu mmoja aongee naye, mpaka askofu akachoka akamwambia aende zake, mtoto wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Kisha pale Karthago, Afrika Kaskazini, mtoto akataka kuvuka kwenda Roma. Mama akamshika nguo asiende. Mtoto akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu, mama akaenda kusali kwenye kanisa la Mtakatifu Siprian karibu na bandari, na usiku huo huo meli ikang'oa nanga. Yaani alikuwa anaomba asiondoke, na saa hiyo hiyo anaondoka! Asubuhi alilia kama wewe. Na huko huko alikokimbilia, baadaye Milano, ndiko alikomkuta askofu Ambrosi. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387, mtu mzima wa miaka 32. Mama akafa mwaka huo huo kule Ostia, akiwaambia wanawe wamzike popote, ila wamkumbuke altareni.

Sisemi Tunduma ni Milano. Wewe unaijua Tunduma.

Ila ndiyo maana sitaki kabisa hilo la nabii wa jirani yako. Eti anataka picha ya mtoto na laki moja "ya kufungua njia"? Na siku saba tu kijana anarudi? Bwana mwenyewe Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akarudia mara tatu, na kikombe kikaja. Huyo wa laki moja ana simu gani ambayo Mwana wa Mungu hakuwa nayo? Hiyo hela weka, atakaporudi ada itadaiwa upya. Nisamehe nikikukera, nakujua ukikata tamaa unakuwa mwepesi wa mkono.

Mimi sasa nasali alfajiri kabla ya kuwasha moto. Si sala ndefu. Fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi tu, kwa rozari ile ya mama iliyofungwa uzi mweusi ilipokatika, na usingizi unaniiba katikati. Siku nyingine sisikii chochote. Juzi ilikuwa kama bati limegonga, lakini sitasema zaidi, utanicheka.

Umepata habari yoyote? Yule binamu wa shemeji anayeendesha magari ya Zambia, ulimuuliza? Unakula? Na baba yake anasemaje, au bado mnagawana lawama? Ile namba ya kijana bado inaita au inazimwa? Nitumie, nitamwandikia ujumbe, simhubirii, nitamuuliza tu kama amekula.

Na jambo moja la aibu. Jumuiya wanataka wamtaje kila wiki, mimi nikababaika nikasema "kijana wa somo yangu". Jina lake la ubatizo ni Yohane au Yosefu? Nilikuwepo siku ile kanisani, na pilau nilikula sahani mbili, lakini jina limenitoka.

Somo yako,
Monika